Usafiri wa Namkunda

Fundi Mfinanga, mwenye gereji pekee pale njiapanda, hakuwa na desturi ya kukagua pikipiki. Alisikiliza dalili akiwa amelala kwenye benchi, halafu akataja ugonjwa ule ule na bei ile ile: klachi mpya, elfu tisini.

Siku moja Namkunda, mwendesha bodaboda, akasimama mlangoni.

"Fundi, usafiri ulionileta leo unanitesa. Nikifika mlimani unapiga kelele tupu, hausogei."

"Unanuka?" fundi akauliza, macho kayafumba.

"Sana, hasa jua likiwa kali."

"Klachi imekwisha. Elfu tisini."

"Bila hata kuangalia? Na ukikosea je?"

Fundi akacheka mpaka benchi likalia. "Wateja wote hawa mashahidi. Nikikosea, nakufungia klachi mpya bure."

"Basi njoo uone."

Nje alisimama punda aliyefungwa kwenye mkokoteni. Alipomwona fundi, akalia kwa nguvu zake zote. Wateja wakashika mbavu.

"Huyu ndiye aliyenileta," Namkunda akasema, huku akifunua turubai juu ya mkokoteni, "na hana klachi. Pikipiki yangu ndiyo hii, nayo klachi imekwisha kweli. Ile ya bure, funga hapa."