Chungu Kileleni mwa Msonge

Shusheni hizo nyasi, wajukuu zangu, mpumzike. Hata mimi mgongo unaniuma. Mnauliza kwa nini tunapandisha chungu kizima juu ya nyumba, ilhali mama yenu anakihitaji jikoni. Wengine watawaambia mila hii ililetwa na hekima. Ililetwa na uchovu.

Hapo kale kilele cha msonge kilifungwa kwa nyasi tu. Mti wa kati ulichomoza juu, nyasi zikakusanywa shingoni mwake na kukazwa kwa kamba za magome. Mvua haikujali kamba. Iliufuata mti huo mpaka chini, ikauzima moto.

Palikuwa na Nyamizi na mumewe, Mihayo. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa baridi wakati wa masika, moto ukiwa umezimika. Masika yaliyofuata walikuwa na kichanga kingine, Ngassa, na kifua chake nacho kikaanza kukoroma.

Kila mvua ilipokatika Mihayo alipanda kukaza nyasi. Alikuwa fundi, na fundi haambiwi. Aliongeza mzigo juu ya mzigo, kilele kikavimba, maji yakazidi kupita. Vidole vyake vilichubuka. Nyamizi naye halali. Anawasha moto, unazimika, anawasha tena. Maskini, hata kulia alishindwa.

Siku moja wingu lilipotanda, alikiepua chungu mafigani, akapanda nacho paani. Mihayo alikuwa bado huko na kamba zake.

"Mke wangu, hicho ndicho chungu chetu pekee. Tutapikia nini?"

"Hatutapika," alijibu Nyamizi. "Nimechoka, baba Ngassa. Huyu sitamzika."

Akakifudikiza juu ya ncha ya mti. Mvua ikaja, ikateleza juu ya chungu, ikashukia nyasi na kumwagikia nje. Moto haukuzimika.

Majirani walipokiona chungu juu, wakajua pale hapana cha kupikia. Walileta ugali na mlenda, wakawakuta wote watatu wamelala fofofo, mtoto akipumua vizuri. Wakaweka chakula, wakaondoka kwa kunyata.

Na tangu siku hiyo, msonge hauhesabiwi kuwa umeezekwa mpaka uvikwe chungu kizima cha mama mwenye nyumba. Siku hiyo humo hampikwi. Majirani huacha chakula mlangoni, wala hawapigi hodi, maana waliomo ndani wamelala.