Mazimwi Juu ya Mafiga

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia akasinzie kwao. Palikuwa na kisiwa chenye vijiji viwili na chungu kimoja. Kila mwaka watu wa kaskazini walileta figa moja, wa kusini moja, na la tatu lilikaa mpakani. Wakapika, wakala pamoja.

Mwaka mmoja wakagombania figa la mpakani. Mwanakheri wa kusini akahofu kwamba watu wa kaskazini, alikooa kaka yake Shaweji, wangechukua na figa la kusini. Akapiga pembe, akaliita zimwi la mashariki.

"Babu, tulindie figa letu."

Zimwi likalikalia. Shaweji kusikia, akaliita zimwi la magharibi, nalo likakalia figa la kaskazini.

Zimwi la Mwanakheri likataka mbuzi, akatoa. Likataka shamba, akatoa. Likataka mwanawe Hamadi akapigane na watoto wa mjomba wake, akamtoa, na hakurudi. Shaweji alizika wawili. Ati zimwi likujualo halikuli likakwisha!

Mwishowe ndugu wakakutana mpakani, wakalia, wakapatana. Mwanakheri akajitwika chungu, akaenda kulipigia zimwi magoti.

"Babu, ahsante. Inuka sasa tupike. Mimi na kaka yangu tumepatana."

Zimwi likatupa jicho kaskazini, likaona mwenzake bado ameketi.

"Mmepatana nyinyi," likasema. "Sisi bado."

Ngano yangu nimeitua hapo. Figa la mpakani lingali peke yake, na figa moja haliinjiki chungu.