Jini Aliyemeza Sauti za Hajarani

Alitawala Sultani Mundhiri bin Sufiani katika mji wa Hajarani, mji wa mawe meupe na mabirika ya shaba, wenye mitaa miwili mikubwa, Mlimani na Bondeni, na watu wa mitaa hiyo walioana na kuzikana miaka mia mbili, kisha wakachinjana miaka mitatu; na nitakayowasimulia ni ya baada ya kuchinjana, pale silaha zilipowekwa chini na midomo ikapokea kazi.

Maana vita vilikwisha, lakini maneno, wallahi, hayakwisha. Kila baraza la kahawa lilikuwa na sababu yake ya vita. Kinyozi alisema chanzo ni posa iliyokataliwa, muuza mafuta akaapa kwamba ni ushuru wa soko, na wanawake kisimani wakasema ni husuda tu, watu wamerogana. Na kila msemaji, awe wa Mlimani awe wa Bondeni, alimalizia vile vile: "Sisi tulikuwa tumekaa zetu, wao ndio waliotuanza." Mazungumzo yakifika hapo, mtu mmoja huinuka bila kuaga, na kesho yake majirani humsikia akinoa panga uani.

Katika mabaraza hayo alikuwamo Sarhani, mpiga mbiu wa Sultani, mgane wa miaka arobaini na mitano, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mji. Yeye hakutia neno hata siku moja. Habari ya chanzo cha vita ikianza, alisingizia swala akaondoka. Alikuwa na lake moyoni.

Ada ya Hajarani ilikuwa hivi: mwezi wa Idi ukionekana, mpiga mbiu huanzia mtaa mmoja mwaka huu na mtaa wa pili mwaka ujao, na mtaa unaosikia kwanza ndio unaoswalisha Idi. Mwaka vita vilipoanza, zamu ilikuwa ya Bondeni. Sarhani, maskini, alikuwa na homa, kichwa kinamwanga, na miguu ikamchukua njia ile ile ya mwaka uliopita, akalipiga baragumu Mlimani. Aliposhuka Bondeni akakuta watu wamesimama milangoni wakisikiliza ngoma za wenzao. Vijana wakapanda kwenda kuuliza, jiwe likarushwa, mchukuzi wa maji akafa, na baada yake wakafa watu elfu nne. La ajabu ni kwamba hakuna aliyemtaja Sarhani. Lakini kila alipoona watu wawili wakinong'ona, alijua wanamnong'ona yeye.

Basi Sultani Mundhiri, akichoshwa na minong'ono, akatoa amri kwamba sababu ya vita iandikwe, na isomwe siku ya Ijumaa baada ya swala, na baada ya hapo mtu asiulize tena. Waziri Kahtani, ambaye ni wa Mlimani, akaandika yake, na Waziri Nadhari, ambaye ni wa Bondeni, akaandika yake, na wote wawili wakamwendea mpiga mbiu kwa siri.

"Sarhani," akasema Kahtani, akimshika bega kwa upole, "utasoma yangu. Nyumba yako iko mtaani kwangu, na paa lake ni la makuti makavu."

Nadhari naye akamwambia akicheka, "Bwana mkubwa, utasoma yangu. Dada zako wote watatu nawajua kwa majina."

Lahaula! Siku mbili Sarhani hakula. Akisoma ya huyu, watamchinja wa kule, na akisoma ya yule, watamchinja wa huku, na kwa vyovyote vile vita vitarudi.

Ijumaa ikafika, na uwanja wa jumba la Sultani ukajaa, Mlimani kulia na Bondeni kushoto, na chini ya kanzu nyingi mlikuwa na vitu vigumu. Sultani akazitaka kwanza karatasi zote mbili, akazisoma, uso ukamsawijika, akazitupa. Akaagiza uletwe kutoka hazina mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi tangu enzi za babu yake, akausugua kwa pete ya urithi, na risasi ikayeyuka.

Akatoka jini Barkusi, mzito kama moshi wa tanuri la chokaa, hana macho wala pua, ana kinywa tu, na jua la adhuhuri likafifia.

"Ewe Sultani uliyenifungua," akasema, na vigae vya jumba vikatetemeka, "nalijua unalolitafuta, na kiapo kinanilazimu nikupatie. Lakini na mimi nina njaa ya miaka mingi. Atakayetaja sababu ya vita, akajitoa yeye mwenyewe ndani yake, sauti yake ni chakula changu. Haya, semeni."

Kahtani akasogea mbele kwa madaha. "Ewe maulana, taji la wakati na kivuli cha wanyonge, sababu ya vita ni watu wa Bondeni, ambao kwa kiburi chao..." Kinywa kikaendelea kufunguka na kufumba, na sauti haikutoka. Jini akameza, na watu wakaisikia ikipita kooni mwake.

Mngedhani wangenyamaza. Thubutu! Nadhari akaona mwenziwe amefungwa mdomo, akapata uchu wa kusema, naye akamezwa. Hapo uwanja mzima ukalipuka, "Ni nyinyi!" "Ni nyinyi!" na sauti zikazimika safu kwa safu, kinyozi, muuza mafuta, wale wa kisimani, na mama mmoja, aliyekwisha kulaumu na wenzake, akawa anamwita mtoto wake aliyepotea katika msongamano, na mtoto hasikii kitu.

Ukaingia ukimya wa kutisha kuliko kelele. Na watu wasio na maneno wakafanya lililobaki: mikono ikaingia chini ya kanzu, visu vikatoka, na safu mbili zikaanza kusogeleana taratibu.

Katika umati ule Sarhani peke yake, kwa uoga wake wa siku zote, hakuwa amesema. Mkojo ulimponyoka, nasema wazi maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha akapaza sauti ile ya kufika ng'ambo ya mji.

"Nilikosea zamu! Idi ile ilikuwa ya Bondeni, nikaanzia Mlimani!"

Visu vikasimama. Barkusi akamwinamia mpaka pumzi yake ikamchoma nyusi.

"Kumbe ni wewe," akasema kwa sauti tamu. "Sema basi kwamba sababu ya vita ni wewe, wakuue, wapumzike."

Na Sarhani, enyi wasikilizaji, alitamani kusema ndiyo. Tangu Idi ile alikuwa ameingoja adhabu hiyo.

"Sijui," akajibu huku analia. "Sikumrushia mtu jiwe. Lakini nilikosea, na siku ile ile nilijua nimekosea, na neno moja la samahani lingetosha, nikaona haya. Kisha waliponipa baragumu niwaite watu vitani, nililipiga. Hayo ndiyo niyajuayo."

Jini akafungua kinywa, asipate cha kumeza.

Upande wa Bondeni akasogea mjane aitwaye Zumra, midomo inamcheza bila sauti, mara sauti ikamrudi, imekwaruza. "Jiwe la kwanza nililiokota mimi nyuma ya nyumba. Nikalitia mkononi mwa mwanangu, nikamwambia usirudi nalo. Hakurudi nalo, wala mwenyewe hakurudi."

Sultani akashuka kitini, akavua kilemba. "Nilizisikia kelele usiku ule, nikasema waacheni wachapane, wataacha kunitazama mimi."

Basi wakaanza, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu na lake, na jini akawa anatapika sauti na kupungua, hata jua likashuka. Hazikurudi zote. Kahtani aliishi bubu hadi kufa, ingawa alikuwa na kalamu na wino na nafasi ya kuandika lake. Wala Barkusi hakurudi mtungini; alijilaza juu ya ukuta wa mji, mdogo kama paka, akisikiliza.

Sultani akamtunuku Sarhani dhahabu na shamba la mitende na binti yake wa tatu. Dhahabu na shamba Sarhani alivipokea, binti akamrudisha kwa heshima zote, akaenda kumposa Zumra. Na funzo, kwa mwenye kulitaka, ni kwamba anayetafuta chanzo cha vita aanze kupekua nyumbani kwake.

Siku ya harusi akaja mgeni wa nchi ya mbali, na pande la nyama mkononi, akauliza kwa nia njema kabisa, "Hivi jamani, vita vyenu vile, aliyeanza alikuwa nani?"

Ngoma zikakatika. Watu mia tatu wakashika koo zao, na juu ya ukuta kitu kikainua kichwa. Sarhani akamtazama mkewe.

Zumra akaweka sahani chini. "Kaa, mgeni," akasema. "Nitaanza na mimi."

Na hapo ndipo ninapowaacha, wote wameketi wanamsikiliza, na pilau inapoa.