Mrindoko Aende na Nani?

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, huko Usangi milimani palikuwa na kijana aitwaye Mrindoko. Alizaliwa haoni. Wazazi walipofariki, akabaki na dada yake, Nakijwa. Huyo ndiye aliyemshika mkono kila asubuhi, wakavuka mto, wakapanda kilima hadi shuleni. Akaja mwanamume kumposa, Nakijwa akamkataa. Akaja wa pili, akamkataa. Alisema ataolewa baada ya mdogo wake kusimama mwenyewe.

Darasani Mrindoko alisikiliza tu. Mwalimu mmoja, Malogo, naye asiyeona, akapata habari zake, akamfuata hukohuko mlimani, akampeleka shule ya bweni ya wasioona alikofundisha, Dodoma. Akamfundisha nukta za breli, kidole juu ya kidole, mpaka mtoto akasoma.

Kisha Mrindoko akaingia chuo cha ualimu. Vitabu vya huko havikuwa na breli. Mwanachuo mwenzake, Sikudhani, akawa anamsomea, jioni kwa jioni, hata sauti ikamkauka. Mwaka wa pili Sikudhani alifeli mtihani wake mwenyewe, akaurudia. Hakumwambia, Mrindoko alisikia kwa wengine.

Siku ya mahafali wote watatu walikuwapo. Baada ya kula, wakamuuliza atakwenda kuishi wapi.

Nakijwa akasema, “Mdogo wangu, twende nyumbani. Niko peke yangu, na wachumba hawaji tena.”

Mwalimu Malogo akasema, “Mwanangu, nastaafu. Wewe nilikufuata. Watoto wengine wasioona, walio bado majumbani, nani atawafuata?”

Sikudhani akasema, “Mimi nimepangiwa kazi kwetu Pangani. Sikudai kitu. Ila nimezoea kukusomea.”

Mrindoko akayapima maneno yao. Akimfikiria dada, moyo unakwenda Usangi; akiwafikiria watoto, unageuka Dodoma; akiikumbuka sauti ya Sikudhani, yote yanavurugika. Tena kulikuwa na jambo alilolificha: tangu azaliwe hajawahi kukaa peke yake, naye alitamani kujua kukoje. Akaona haya kutamani hivyo.

Walikuwa wamemshika, huyu mkono, huyu bega, huyu koti. Akawaomba wamwachie kidogo afikiri. Wakamwachia. Akabaki amesimama katikati ya uwanja, asijue ameelekea upande gani.

Haya, ninyi mliosikia: mmoja alimpa njia, mmoja herufi, mmoja vitabu. Je, nani alistahili kuondoka naye? Au hakuna?