Kiwanja cha Waliookoa Majengo Mapya

Tulieni niwasimulie yaliyowapata watu wa Majengo Mapya, kisha mniamulie, maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Majengo Mapya kilikuwa kitongoji cha nyumba arobaini na moja, katika kibonde ubavuni mwa mlima, huko Taita. Wakazi wake hawakukichagua. Shamba la katani lilipotanuka kule chini tambarare, familia zilizoondolewa zilipanda mlimani, zikafyeka miti, zikajenga mahali palipokuwa wazi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini palikuwa wazi.

Watatu kati yao walikuwa na vipawa. Wakesho, mwalimu wa jiografia, aliweza kuchora ramani ya mahali popote alipopita kwa miguu. Mkamburi, muuza maharagwe, alijua majina ya kale ya kila bonde na kila jabali. Ndizo hadithi alizolelewa nazo na bibi yake. Na Mwandoe, mhudumu wa afya, alijua kila nyumba: nani anaishi humo, ametoka wapi, anaumwa nini, na anamsikiliza nani.

Mvua za vuli zilipoingia wiki ya tatu, mlango wa Wakesho ulikataa kufungika. Alipoinama kuutazama, alisikia sauti chini ya sakafu, kama mtu anayesuuza sufuria bila haraka.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia tangu juzi," alisema mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu na siku nyingi alishinda kitandani. "Nilidhani ni masikio yangu."

Wakesho alichukua daftari akaingia kwenye ukungu, nyumba hadi nyumba, akiuliza swali moja tu: mlango wenu unafungika? Penye mlango uliogoma aliweka nukta. Njiani mbuzi walikuwa wamesimama kimya, wamekataa kuingia mazizini. Nguzo za umeme zilikuwa zimeinama zote upande mmoja, kama watu wanaotega sikio. Alipoziunganisha nukta, zilifanya upinde mmoja kuanzia mwamba wa juu hadi kisimani, na kila nyumba ilikuwa ndani yake.

Aliipeleka ramani barazani. Wakamcheka. "Mbao zimelowa, mwalimu," alisema mwenyekiti.

Mkamburi hakucheka. Alipitisha kidole juu ya upinde ule, taratibu.

"Huu mstari naujua," alisema. "Hapa paliitwa Kimeza. Njia ya wazee iliuzunguka, haikuukata. Bibi alisema wachungaji walilala ng'ambo, wakaamka wakakuta bonde limehama na ng'ombe wao."

"Mbona hukutuambia miaka yote hii?" Wakesho aliuliza.

"Mlikuwa mmeshajenga. Ningewaambia mwende wapi?"

Kila mtu barazani alikuwa ameiona ile njia ya zamani, inavyojipinda pasipo na mto wala jiwe. Waliamini. Lakini waliporudi makwao walikaa wakitazama kuta zao, kwa kuwa aliyewahi kuhamishwa mara moja huona heri afie kwake.

Hapo ndipo Mwandoe alipoanza kuzunguka. Hakubisha na mtu. Kwa Mzee Mwadime, aliyekuwa akimsikiliza bintiye tu, alimpigia binti huyo simu ili amsihi babake. Waliotoka kijiji kimoja aliwapangia mwenyeji mmoja katika kijiji cha kileleni, juu ya kibonde, wasitawanyike. Wasioweza kutembea aliwataja kwa majina, akawatafutia machela. Mama yake Wakesho, Mwandoe mwenyewe alimbeba mgongoni. Adhuhuri ya Alhamisi aliwahesabu watu kileleni: mia moja tisini na wanane, hakupungua hata mmoja.

Saa moja baadaye kibonde kiliondoka. Hakikuvuma. Kiliondoka polepole, nyumba zikiwa wima, mabati yakiteleza ndani ya ukungu kama msafara wa watu wasioaga. Kisha kukawa kimya, isipokuwa redio ya mtu iliyosahauliwa. Iliendelea kusoma taarifa ya habari chini ya udongo kwa siku mbili, ikafifia.

Watu wa kileleni walikuwa na kiwanja kimoja tu, cha kutosha nyumba moja, kilichobaki penye mwamba imara. Wakasema, "Tunampa aliyetuokolea ndugu zetu." Waliobaki wote wangeteremshwa kwa malori hadi kwenye mahema, kando ya lile shamba la katani.

Wakesho aliketi mbele ya wazee wa kileleni akiwa ameushika mkono wa mama yake. Alikitaka kiwanja kile kwa moyo wote, na alikuwa akijionea haya.

"Mpeni mwalimu," alisema Mkamburi. "Mimi nilinyamaza miaka tisa." Lakini wanawe watano walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Ramani yangu ilichekwa mpaka wewe ulipoipa jina," Wakesho alimjibu.

Mzee mmoja alimgeukia Mwandoe. "Nawe?"

"Mimi sikugundua kitu," Mwandoe alisema. "Nilibisha hodi tu. Ila mke wangu atajifungua mwezi huu, na nisingependa iwe ndani ya hema."

Bila ramani, hakuna ambaye angejua hatari inaishia wapi. Bila jina, hakuna ambaye angeiamini ramani. Na bila yule mbisha hodi, wangeangamia wakiwa wanaamini. Wazee walipaswa kuamua, na malori yalikuwa yameshawashwa injini.

Je, ungekuwa umeketi nao pale, kiwanja ungempa nani?