Nani Amvishe Saumu Koti Jeupe?

Sogeeni, hadithi imefika. Anayetafuna na amalize, maana mwishoni nitauhitaji mdomo wake.

Huko Soni, milimani Usambara, walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Shangazi Mwanaheri alikuwa na sikio: redio yake ililia kutwa kando ya mashine ya kusaga, na katikati ya ngurumo ile hakupitwa na tangazo, liwe la msiba au la mnada. Mbelwa, dereva wa bodaboda, alikuwa na njia: ukimwambia barabara imefungwa, anakucheka. Mwalimu Ngoda wa baiolojia alikuwa na neno: akikuta neno limekaa upande, hatulii mpaka alinyooshe.

Na katikati yao alikuwepo Saumu. Shangazi yake ni huyo wa kwanza, kaka yake ni huyo wa pili, mwalimu wake ni huyo wa tatu. Yeye alichokuwa nacho ni hamu tu. Alitaka kusomea shahada ya sayansi ya viumbe hai, na aliitaka mpaka ikamuuma.

Mwaka wa kwanza alifanya mtihani wa kuingia chuo, akaanguka. Aliyemwangusha ni kupe. Waliwekewa kupe kwenye sahani, wakaulizwa ni wa kundi gani, naye Saumu akaandika bila kusita: mdudu. Msimcheke! Kiswahili chetu kina moyo mkubwa. Mbu ni mdudu, buibui ni mdudu, malaria ikikuingia unaambiwa una wadudu, na watani wa mjini hata nguruwe wanamwita mdudu. Saumu amekua akiwatoa kupe kwenye ng'ombe wa nyumbani, angewaitaje? Alirudi Soni na aibu, akawa anakwepa hata kupita sokoni.

Mwalimu Ngoda akamwita.

"Nyumbani mwite kupe jina ulitakalo," akamwambia. "Kwenye mtihani, mhesabu miguu. Akiwa na sita, ni mdudu. Akiwa na minane, huyo ni wa ukoo wa buibui na nge."

"Kwani buibui si mdudu, mwalimu?"

"Kwa bibi yako ni mdudu. Kwa chuo, siye."

Wakaendelea hivyo mwaka mzima, kila jioni baada ya vipindi, neno baada ya neno, mpaka Saumu akaanza kuyapenda hata yale yaliyomtesa.

Masika yakaingia. Mtihani ulipangwa Alhamisi. Jumapili, mvua ikiwa imekata mtandao wa simu milima yote, Shangazi Mwanaheri aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Zimeni mashine! Saumu! Chuo kimesogeza mtihani. Si Alhamisi tena, ni Jumanne!"

Wenye mahindi yao wakanung'unika, lakini hakuna mwingine aliyekuwa amelisikia tangazo lile. Kama si shangazi, Saumu angefika chuoni Tanga mtihani umeshakwisha.

Jumatatu asubuhi mlima ukaporomoka, barabara ya kushuka Mombo ikazibwa. Saumu akakaa chini akalia. Mbelwa akamtazama akacheka, kama kawaida yake.

"Vua viatu, mdogo wangu. Leo tunapita kwa watu."

Na kweli walipita kwa watu. Mashambani, migombani, uani ambako akina mama walikuwa wanaosha vyombo, Mbelwa akisukuma pikipiki na kupaza sauti, "Hodi jamani, tunapita tu!" Walifika Mombo wametapakaa tope, basi la Tanga likiwa limeshawasha injini.

Jumanne sahani ikaletwa. Safari hii alikuwemo papasi, ndugu yake kupe. Mkono wa Saumu ulikuwa umeshaanza kuandika neno la nyumbani, akauzuia. Akahesabu miguu. Akatabasamu peke yake.

Alifaulu, na Soni ikajaa vigelegele. Lakini chuo kile kina desturi yake. Siku ya kuanza masomo, kila mwanafunzi huvishwa koti jeupe la maabara mbele ya watu wote, na anayemvisha ni mtu mmoja tu kutoka kwao. Saumu aliwataka wote watatu, akaambiwa haiwezekani.

"Kilemba ni cha mwalimu," akasema Mwalimu Ngoda. "Bila mimi angefika akaanguka tena."

"Kufundisha ni kazi yako," akajibu Shangazi. "Bila mimi angefika akakuta viti vitupu."

"Kusikia nako ni kazi, shangazi?" Mbelwa akadakia. "Penye nia pana njia, sawa, na njia yenyewe aliipata nani? Tena msinivishe kilemba cha ukoka. Nataka nikashike lile koti."

"Wewe ni kaka," wakamjibu wawili kwa pamoja. "Ulitaka umwache?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyelegeza. Asubuhi ya safari Saumu akafungua mlango, akawakuta watatu wamekaa kibarazani, wameoga, wamevaa nguo za sikukuu. Walipomwona wakasimama kwa pamoja, kila mmoja akamnyooshea mkono. Moyo wake ukajaa, naye akainua mkono wake.

Mimi nimefika naye hapo mlangoni, mbele siendi. Mkono wa Saumu ni mmoja, na wanaoungoja ni watatu. Haya, sasa semeni ninyi: aushike upi?