Mkeka wa Mzee Kaoneka

Mlinzi akikosa mkeka, hulala langoni. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, nanyi msinikatize, maana tangu Hozza, mwenzenu aliyeajiriwa zimamoto, alete hapa fomu ya kujitoa kwenye pensheni yao sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Zamani mji wa Kwemboza ulizungukwa na nyasi, na adui yake mkubwa alikuwa moto. Walinzi walipokezana zamu juu ya jukwaa la langoni. Aliyeona moshi alipuliza baragumu. Kila Ijumaa walinzi wote walilima shamba moja, shamba la wazee. Mlinzi akizeeka, mji ulimpa mkeka mpya, akashuka langoni, akala mavuno ya shamba lile mpaka kufa kwake.

Siku moja Shekue, mlinzi kijana aliyewashinda wote kwa nguvu, akamwendea jumbe.

"Uzee wangu uko mbali, Jumbe. Niachie Ijumaa yangu nilime kwangu."

Jumbe hakupenda kelele. Akasema, "Anayetaka kujitoa, ajitoe."

Basi wakajitoa, leo wawili, kesho watano. Walibaki watatu tu, na magugu yakawashinda.

Mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Mzee Kaoneka kupewa mkeka. Macho yalikuwa yamefifia, magoti yanauma. Lakini shambani hamkuwa na hata suke moja la mtama, na mkeka hauliwi. Akarudi jukwaani. Shekue alimpita kila asubuhi akienda kulima kwake, moyo ukimsuta, naye akizidisha mwendo.

Adhuhuri moja ya kiangazi moto ukapanda kutoka bondeni. Baragumu halikulia. Watu walipoushtukia ulikuwa umeshashika mapaa. Nyumba ya Shekue iliteketea, pamoja na ghala lenye mavuno ya Ijumaa zake zote. Binti yake alitolewa mzima, ila mkono umeungua vibaya.

Shekue akapanda jukwaani mbio, akamkuta mzee ndiyo kwanza anafikicha macho.

"Mzee, ulilala!"

"Nililala, mwanangu."

"Langoni?"

"Ulitaka nikalale wapi?"

Ijumaa iliyofuata Shekue alitangulia kufika kwenye shamba la wazee, akang'oa magugu peke yake mpaka wenzake wakaona haya, wakamfuata mmoja mmoja.

Haya, Hozza, fomu hiyo hapo na kalamu unayo. Mlinzi akikosa mkeka, hulala langoni.